Kanda Isiyongoja

Tangu nirudi kutoka Ifakara mmekuwa mkiniuliza, kila mtu kwa wakati wake, nami kila mtu nimempa kipande: huyu habari za treni, yule habari za mto, na mwingine nilimwambia niliugua tumbo ili aniache ninywe chai yangu. Juzi Mwalimu Shomari, ambaye nyumba yake na yangu zinagawana ukuta, akauliza mbele ya ofisi nzima ninaongea na nani kila jioni, maana anajua ninaishi peke yangu. Mlicheka, nami nikacheka. Basi nimeona niandike yote mara moja, karatasi hizi zipite kwa kila mmoja, kisha tuongee mambo mengine. Habari za tiketi na ruhusa ya mkuu wa shule naziruka, hazina utamu wowote.

Mnajua kwamba Melania, mke wangu, alifariki wakati wa zile mvua za El Nino, na kwamba tulimzika hapa Dar es Salaam kwa sababu njia ya kwao, ng'ambo ya mto Kilombero, ilikuwa imekatika. Msichojua ni kwamba wiki chache kabla ya hapo alirekodi kanda ya salamu kwa mama yake, kama wanavyofanya watu wengi. Mama yake macho yamefifia, na Melania hakupenda barua yake isomwe na mtu mwingine. Aliweka redio mezani, akanitazama, akaniambia nitoke. "Naongea na mama," alisema. Nikaenda kukaa nje mpaka aliponiita.

Kanda ile haikupata mtu wa kuipeleka. Habari za msiba zilimfikia mama kwa redio ya upepo ya parokia. Hakuzika, hakuona kaburi. Baadaye Damasi, kaka wa marehemu, alituma neno kwamba mama hataki kukaa matanga. Anasema mwanawe hajafa, watu wa mjini wamemficha tu. Chakula kikipikwa anamwekea Melania sahani yake. Nilipopata neno hilo nikajua likizo ya Juni nitaimalizia wapi. Nilitaka mama amsikie mwanawe, ili aweze kumlilia.

Treni na mtoto aliyelala

Redio niliifunga kwa kanga ya Melania, ile ya njano, kwa sababu ya vumbi na kwa sababu ya macho ya watu, nikaipakata. Tuliondoka alasiri. Mbele yangu alikaa mama mmoja wa makamo, Mama Zuhura, mfanyabiashara wa mchele aliyekuwa akirudi Mngeta. Kila mtu aliyepaza sauti alimnyamazisha. Alimkemea muuza karanga, akamkemea bwana mmoja mwenye miwani aliyekuwa akicheka peke yake na gazeti. Nilidhani ni mtu asiyependa kelele, nikamshukuru kimoyomoyo, maana mimi nami sizipendi.

Jua lilipoanza kushuka akaniinamia.

"Baba, mke wako yuko behewa gani?"

"Mke wangu alifariki, mama. Wakati wa mvua."

"Uuwi! Na amekuachia kadogo hivi!" Akafungua kikapu haraka, akatoa chupa ya uji, akanyoosha mikono. "Hebu nipe. Tangu tutoke Dar hakajala kitu. Wanaume nyie, mtaua watoto."

Hapo ndipo nilipoelewa. Sikuwa na namna, nikafungua kanga. Watu wa viti vyote vya karibu walisogea kutazama, wakaona spika mbili na mpini.

Mama Zuhura alikasirika kwanza. "Yaani nimegombana na behewa zima kwa ajili ya redio?" Kisha akaanza kucheka, akacheka mpaka akajifuta machozi kwa upindo wa kitenge. Alipotulia akaniuliza ina nini hasa, mtu aipakate vile. Nikamwambia. Hakucheka tena. Akamimina uji kwenye kifuniko akanipa mimi, akasimamia mpaka nikaumaliza. Ulikuwa wa mchele, na ndicho chakula cha kwanza nilichopikiwa na mtu tangu matanga yaishe.

Yule bwana wa miwani alikuwa akishuka Mlimba na alikuwa na kiu ya maongezi. Aliposikia mimi ni mwalimu wa sayansi, ndipo hasa. Alikuwa amesikia redioni kwamba wazungu wametengeneza kondoo kutokana na kondoo mwingine, bila dume kuhusika, na kwamba kompyuta imemshinda binadamu bingwa wa dunia kwenye sataranji.

"Hivi vyuma vitaishia wapi, Mwalimu? Vitafika mahali vifikiri?"

Nikampa jibu ninalowapa kidato cha tatu: mashine inafanya ilichopangiwa, inafanya haraka, na haichoki. Mama Zuhura alikuwa anasikiliza huku anachambua mchele kwenye kiganja.

"Hiyo kompyuta ilipomshinda huyo bwana, ilifurahi?"

"Hapana, mama. Haiwezi kufurahi."

"Kwa hiyo yule bwana ameshindwa na nani?"

Bwana wa miwani akasema swali hilo halina maana. Mimi nililiona lina maana sana. Baadaye treni ikasimama porini. Mvua zilikuwa zimekula kokoto chini ya reli na mafundi walikuwa bado wanajaza. Usiku huo sina cha kusimulia, nililala nimeegemea dirisha.

Viwanja Sitini

Ifakara tulifika jua limeshakuwa kali. Mama Zuhura alinipungia mkono dirishani treni ikiendelea kwenda Mngeta, na nilishangaa nilivyoumia kuachana na mtu niliyemjua siku moja tu. Pale pale stesheni nikapewa habari: mto umejaa kupita kawaida, pantoni haivushi magari wala watu mpaka maji yapungue. Lini yatapungua? Kila niliyemuuliza alitazama mbinguni.

Nikapata chumba nyumba ya wageni mtaa wa Viwanja Sitini, kwa Mama Tekla, mwanamke mnene mpole mwenye kauli ya taratibu. Nilikaa pale siku kadhaa bila kazi. Asubuhi natembea, baiskeli zinanipita kila upande, wanaume wanasukuma magunia, akina mama wanaanika mpunga mbele ya nyumba, na wote wana mahali wanapokwenda. Mchana nakula wali na perege kwa mama ntilie mmoja. Wali wa kule una harufu yake, hata ukila na chumvi tu umekula. Lakini kula peke yako mahali ambapo kila benchi lina watu wanaocheka ni kazi. Nilikuwa namaliza haraka kuliko njaa yangu, narudi chumbani.

Sasa niwaeleze habari ya kanda, maana nilikuwa nazo mbili. Moja ni ile aliyorekodi Melania mwenyewe. Nyingine ni nakala niliyoitoa kwa mashine ya shule, ile yenye milango miwili ya kanda, ili mama nimwachie nakala, mimi nibaki na yenyewe. Katika kanda yenyewe Melania anasema kidogo, kisha ananyamaza, na anaponyamaza unamsikia akihema. Kifua kilikuwa kimembana. Sikutaka mama amsikie mwanawe akitafuta pumzi. Kwa hiyo katika kunakili, kila aliponyamaza nilisimamisha mashine, alipoanza kusema nikaiachia. Ilinichukua jioni nyingi. Nilipomaliza, alisikika mzima kabisa, anaongea moja kwa moja bila kukwama. Nilijivunia kazi ile. Nilijiambia mashine imefanya kitu ambacho hospitali ilishindwa kufanya.

Mimi mwenyewe nilikuwa nasikiliza ile ya kwanza. Ninafundisha fizikia, najua kilichomo mle ndani: ni utepe wa plastiki uliopakwa unga wa chuma, karibu sawa na kutu. Sauti inatikisa hewa, umeme unaupanga unga, na siku nyingine unga unaurudishia umeme mpangilio ule ule. Nimewaeleza wanafunzi jambo hili miaka na miaka bila hata kukohoa. Lakini hebu wewe kaa chumba cha wageni mchana wa joto, umeme umekatika na feni imesimama, ukijua kwamba mke wako sasa ni unga wa chuma uliopangwa vizuri, uone kama fizikia itakufariji.

Alasiri moja nilikuwa nimelala nasikiliza, nikasikia mlango unagongwa.

"Mwalimu, samahani sana," ilikuwa sauti ya Mama Tekla. "Chumba hiki ulisema ni cha mtu mmoja."

"Ndiyo, mama. Niko mmoja."

"Mimi sina ubaya, mwanangu. Ila huyo mama aliye ndani anaumwa. Nimemsikia anavyohema. Mtoe basi akae uani apate hewa, nimtengenezee hata supu."

Nikafungua mlango, nikamwonyesha redio kitandani. Alisimama akaitazama, akajishika mdomo. "Yesu wangu," alisema, "mbona ni mtu kabisa." Akaondoka bila kuuliza zaidi, na jioni akaniletea ile supu mimi. Nilipokuwa nainywa nilijipongeza tena. Kama mtu baki tu, aliyesimama nje ya mlango, ameshtushwa na ile pumzi, mzazi wake ingekuwaje? Nilifanya vizuri kuiondoa.

Kivukoni

Nilichoka kungoja, nikaenda Kivukoni kwa baiskeli ya kukodi kuona mto wenyewe. Maji yalikuwa ya udongo, mapana, yanakwenda kimya kimya na magugu yake. Pantoni ilikuwa imefungwa kando. Watu walikaa na mizigo yao, na nikakaa karibu na Msukuma mmoja mrefu mwenye fimbo na kiredio kidogo kifuani. Alinisalimia kwa Kisukuma, kisha akaona uso wangu, akarudia kwa Kiswahili. Aliitwa Masanja. Alikuwa anavuka kutafuta malisho.

Kama ilivyo kwa kila mtu mwaka huu, habari ya kondoo ilikuwa imemfikia.

"Mwalimu, nikuulize. Na ng'ombe wanaweza?"

"Wakiweza kondoo, ng'ombe hawatawashinda."

Mvuvi mmoja, Kaspari, Mndamba, alikuwa anaziba mtumbwi wake pembeni. Akadakia: "Ng'ombe zenu zimetumalizia mpunga, sasa unataka mzungu akuongezee nyingine?" Watu wakacheka, na Masanja naye akacheka kidogo, cheko la mtu aliyekwisha kusikia maneno hayo mara nyingi na hayamchekeshi sana.

"Mimi namtaka mmoja tu," alisema. "Nilikuwa na maksai wangu wa jembe, namwita Fundi. Amekufa na mafuriko. Huyo nikimwita kwa jina, hata akiwa ng'ambo ya kundi, anakuja. Sasa hao wazungu wakinitengenezea Fundi, rangi ile, pembe zile, nikimwita atakuja?"

Nilifikiri vizuri kabla ya kujibu, kwa sababu aliuliza kwa dhati.

"Hatakuja. Atakuwa amefanana naye, lakini hakujui. Itabidi akuzoee upya."

"Basi huyo wampe mtu mwingine," alisema Masanja. "Mimi nibaki na aliyekufa."

Kaspari aliacha kuziba, akamtazama, na hakumtania tena. Baadaye akageukia habari za simu za mkononi. Amesikia Dar kuna matajiri wanatembea na simu mfukoni, haina hata waya. Zikifika huku, alisema, mtu atasimama hapa aongee na mkwewe aliye ng'ambo, Lupiro, na yeye Kaspari atakufa njaa kwa kukosa wa kumvusha. Nikamwambia siku hiyo haiko mbali. "Lakini kuzika je?" akauliza, akajijibu mwenyewe: "Kuzika mtavuka." Nilikuwa nawaza kwamba msiba wangu nimeusafirisha ndani ya redio, na kwamba mtu akiniuliza kama hiyo ni sayansi au ni kichaa nitashindwa kumwambia.

Siku iliyofuata Kaspari alinivusha kwa mtumbwi, akipita kandokando kwanza, kisha akiukata mto kwa mshazari. Redio nilikuwa nimeikumbatia. Kanda ya Melania ilikuwa kwenye mfuko wa shati, ndani ya nailoni. Kaspari alinionyesha kichwa cha kiboko kwa kidevu, bila kusema, na akapiga kafi polepole mpaka tukamwacha nyuma. Niliomba Mungu, na sikuiombea redio wala nakala, niliuombea ule mfuko wa shati.

Ng'ambo

Kutoka mtoni nilipanda trela ya trekta hadi njia panda, halafu nikatembea. Damasi alinipokea mzigo, tukakaa barazani. Kule kwao mkwe mwanamume na mama mkwe hawaketi chumba kimoja wala kutazamana usoni. Miaka yote ya ndoa yangu sikuwahi kuongea na mama zaidi ya salamu kupitia mlango. Safari hii pia nilisalimia kwa kuelekea pazia.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, baba. Umekuja na Melania?"

Damasi aliinamisha kichwa. Nikasema nimekuja na sauti yake. Pazia halikutikisika.

Tulipanga mambo hivi: redio iwekwe kwenye kigoda kizingitini, upande wa ndani, mimi nikae nje na kunyoosha mkono chini ya pazia kuibonyeza nisione mtu. Mama alikaa kitandani kwake. Damasi alikuwa naye. Nikaweka nakala, ile safi, nikabonyeza.

"Shikamoo mama mimi Melania hamjambo huko mimi sijambo kidogo kifua ndicho kinanisumbua nimeshapoa Damasi ameshaezeka nyumba..."

Nilimsikia mama ndani akisema "Marahaba," lakini Melania alikuwa ameshafika kwenye kifua. Mama akasema "Pole," Melania ameshafika kwenye nyumba ya Damasi. Mama akajaribu tena, akapitwa tena. Kisha akanyamaza, na kanda ikaendelea kusema peke yake.

"Damasi, zima."

Nikazima mimi.

"Huyo siye Melania," mama alisema.

"Mama, ni sauti yake. Hata mimi nimeisikia."

"Sauti nimeisikia, mimi siyo kiziwi. Mwanangu tangu lini akanisalimia asingoje niitikie? Ananiuliza habari za nyumba yako, wala hataki jibu. Huyo ni mtu amemwiga." Sauti yake ikapanda. "Si nimewaambia yupo? Angekuwa amekufa mngeniletea vitu vya kutengeneza?"

Nilikaa pale barazani na mkono wangu bado uko chini ya pazia. Nilikuwa nimesafiri kote kule kumsaidia mama amlilie mwanawe, na sasa nimempa sababu mpya ya kutomlilia. Na ndipo nilipoelewa zile nafasi zilikuwa za nini. Melania hakuwa amekwama. Alikuwa anatafuta pumzi, ndiyo, lakini alikuwa pia anangoja, kama anavyongoja mtoto yeyote aliyelelewa akalelewa. Alikuwa amemwachia mama yake mahali pa kusemea, mimi nikapaondoa pote nikapatupa.

Nikatoa kanda ya mfukoni. Sitawaficha, nilisita. Nilijua nikiiweka, mama atamsikia akihema. Nilijua pia, sijui kwa nini, kwamba ikiingia nyuma ya pazia lile haitatoka tena. Nikaiweka.

"Shikamoo, mama."

Pumzi. Moja, nzito, yenye mkwaruzo.

"Marahaba, mwanangu," mama alisema taratibu.

"Mimi Melania. Hamjambo huko?"

"Hatujambo. Sijui wewe."

"Mimi sijambo kidogo. Kifua ndicho kinanisumbua."

"Pole, mama yangu. Nasikia unavyohema."

"Nimeshapoa. Damasi ameshaezeka nyumba?"

"Ameshaezeka. Kwa bati."

Damasi aliangua kilio hapo hapo, akatoka nje akanipita. Ndani waliendelea, mama na mwanawe, habari za mpunga, za mbuzi aliyekuwa na mimba, za shangazi wa Mahenge. Mahali pengine mama alichelewa kujibu na Melania akamwahi, lakini wakakutana tena mbele, kama watu wanaofahamiana wanavyoongea. Kanda ile nilikuwa nimeisikiliza mara nyingi kuliko ninavyoweza kusema, na siku ile niliisikia kwa mara ya kwanza.

"Nikipona nitakuja wakati wa mavuno. Nisipopona, mama..."

Pumzi ndefu.

"Usiseme hivyo, mwanangu."

"Najua utasema nisiseme hivyo. Lakini nisipopona, nililie, halafu uache. Na mkwe wako usimwache peke yake. Hana maneno yule, lakini ana moyo."

Mama hakujibu hilo. Mimi nje nilikuwa nimejiziba mdomo kwa kanga ya njano.

"Haya, mama. Acha nipumzike."

Nafasi iliyofuata ilikuwa ndefu kuliko zote. Nilikuwa naijua, ni pale anapotafuta kitufe cha kuzimia. Nyumbani huwa sivumilii, nazima kabla haijafika.

"Pumzika, Melania," mama alisema. "Pumzika, mwanangu."

Kikasikika kitufe. Kisha mama akatoa sauti, na hiyo sitaiandika. Wanawake wa nyumba za jirani walitoka mashambani wakaja wakikimbia, mmoja mmoja, na kilio kikawa kilio cha kijiji. Tulikaa matanga, ya kweli. Siku hizo nilikula kwenye sinia na wanaume wa kwao, wali na samaki kitoga, na sahani ya Melania haikuwekwa tena.

Nilipoaga, Damasi alisema mama ameishika kanda mkononi na hajui kama ninaitaka. Nilijua ningeweza kusema nipeni nikaitolee nakala nzuri, nitairudisha. Mtaniambia hilo lilikuwa jambo la akili. Sikuweza. Nikasema kanda ni yake, na redio ni yake. Damasi akarudi ndani, akatoka tena.

"Mama anauliza, hii mashine inaweza kuchukua na sauti yake?"

Nikaweka ile nakala yangu, nikaigeuza upande wa pili uliokuwa mtupu, nikapitisha mkono chini ya pazia nikabonyeza vitufe viwili kwa pamoja. Ndani nikamsikia mama: "Sasa mwambie aondoke. Naongea na mkwe." Nikaenda kukaa uani, chini ya ukingo wa banda la mbuzi, mpaka nilipoitwa.

Kurudi

Maji yalikuwa yamepungua na pantoni inavusha. Sikumwona Masanja. Viwanja Sitini nilinunua redio kuukuu ambayo mlango wake wa kanda umekatika, inabidi kuushikilia kwa kidole, na Mama Tekla akanipa chumba kile kile bila kuuliza niko na nani. Kwenye treni hakuna aliyenyamazisha mtu kwa ajili yangu. Redio niliweka juu kwenye mizigo, mikono ikabaki mapajani haina cha kushika. Nilimwangalia mwanamke mmoja na mtoto wa kweli mpaka akahama kiti, na sikumlaumu.

Nilifika nyumbani jioni. Mnaijua nyumba yangu. Kikombe kilikuwa pale pale nilipokiacha, na mkate umeota ukungu. Kupika niliacha tangu Melania ashindwe kutoka kitandani. Mmeona suruali zangu zinavyoning'inia na mmekuwa na adabu hamkusema. Niliweka redio mezani, nikaushikilia mlango wake kwa kidole, nikabonyeza.

Mashine haijui ukwe. Mwanamke ambaye hajawahi kunitazama usoni alikuwa mezani kwangu.

"Baba, umefika?"

Kisha kimya. Nilikaa naisikiliza ile pumzi ya kizee, na ilinichukua muda kukumbuka nafasi ile ni ya nani.

"Nimefika, mama," nikasema. Hiyo ndiyo sauti uliyoisikia, Mwalimu Shomari.

"Njiani hukupata taabu?"

"Kidogo tu, mama."

"Umekula?"

Nilitazama ule mkate. "Bado."

"Nilijua," alisema mama. "Basi pika kwanza, ule. Mimi nakungoja hapa hapa."

Na kweli alingoja. Kanda iliendelea kuzunguka bila neno. Kuku walisikika, na mtu wa jirani anatwanga, na yeye anahema. Nikatafuta kitu cha kuushikilia ule mlango wa redio usifunguke, nikauegemezea kikombe. Kisha nikaenda kuwasha jiko.